Ukuta wa nne: tamthilia ya Mwanza iliyoanza na kamera tatu ikamalizia na moja na nusu

Majina ya watu, kampuni, kituo kilichoagiza kazi na mwalo (ufuko wa kutia mitumbwi) uliotumika yameondolewa. Hesabu za kurasa, siku na saa zimetoka kwenye daftari la msaidizi wa dairekta, ambaye kwa bahati alikuwa mtu wa kuandika kila kitu.

## Usuli

Kampuni ndogo ya video jijini Mwanza ilipewa kazi ya tamthilia ya vipindi 8, kila kimoja dakika 24. Hadithi ni ya mama anayefanya biashara ya dagaa, binti yake aliyerudi kutoka chuoni, na mume anayedaiwa fedha za mtumbwi. Maeneo yalikuwa matatu: sebule ya nyumba ya kukodi upande wa Ilemela, genge la mtaani, na mwalo mmoja unaotazama magharibi. Kibali cha Bodi ya Filamu kilikuwepo, barua ya serikali ya mtaa ilikuwepo, na uongozi wa mwalo ulikuwa umekubali.

Watu wa kampuni hawakuwa wageni wa kamera. Kwa miaka walikuwa wakipiga sendofu, harusi, kipaimara na ibada: kamera tatu, swicha moja ya kuchagua kamera, picha inarushwa papo hapo kwenye skrini ya ukumbini. Kazi hiyo ina sheria zake. Bibi harusi hakati keki mara mbili, kwa hiyo lazima uwe umemzunguka kabla hajashika kisu. Kamera ya mwenzako ikionekana kwenye picha, hakuna mgeni atakayelalamika. Taa ni zile zile za ukumbi na sauti inatoka kwenye mixa ya MC. Mafundi wengi wa kwetu walijifunzia kamera nyingi huko, na ni ujuzi wa kweli usiopaswa kudharauliwa. Ila katika tamthilia kila kimoja cha vitu hivyo vinne kinageuka.

Vifaa: kamera A na B za aina moja, zote na lenzi ya milimita 24 hadi 70; kamera C ya kukodi, ya kampuni nyingine; bumu moja (maiki iliyofungwa kwenye mti mrefu) na maiki mbili za kubana kwenye nguo; taa bapa tatu; jenereta ndogo; kompyuta mpakato moja na diski mbili za nje.

## Kwa nini kamera tatu

Hesabu ya prodyuza ilikuwa rahisi kuielewa, na ndiyo maana hakuna aliyeipinga. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya picha, kwa hiyo vipindi 8 vya dakika 24 ni kurasa 192. Fedha ilitosha siku 16 za shutingi, yaani kurasa 12 kwa siku. Kwa kamera moja, timu ndogo inayojali kazi hupata kurasa 5 hadi 8 kwa siku, zaidi ya hapo inaanza kulipua. Kamera tatu zinachukua engo tatu kwa teki moja, yaani kwa kurekodi mara moja, basi muda unagawanyika kwa tatu na kurasa 12 zinaingia bila jasho.

Mtego umo humo. Muda wa shutingi hauliwi na kuendesha kamera. Unaliwa na kuhamisha taa, kusogeza kochi, kusubiri bodaboda ipite, kumpangusa mwigizaji jasho, kutafuta kitenge alichovaa jana. Kamera ya tatu haipunguzi hata kimoja cha hivyo, na viwili vya kwanza inaviongezea uzito.

## Siku ya 1 hadi ya 3: sebuleni

Sebule ilikuwa mita 4 kwa 5, kuta nyeupe, dari nyeupe ya jipsam, dirisha kubwa upande wa magharibi. Ndani kulikuwa na kochi la watu watatu, makochi mawili ya mmoja mmoja, meza ya kioo na kabati la televisheni. Ukishaviacha vitu hivyo mahali pake, stendi tatu za kamera hazina pa kukaa isipokuwa pembeni, na kamera tatu zilizokaa pembe tatu za chumba kimoja zinatazamana. Ili zisionane, kila kameramani alilazimika kukaza picha yake kwenye kipande kidogo cha chumba, hivyo engo zikawa zile zile kutwa nzima: A kochi kubwa, B kochi la dirishani, C mlango wa jikoni. Sini ya furaha na sini ya msiba zilitazamwa kutoka mahali pamoja.

Taa ndiyo iliyoumia zaidi. Taa ya usoni hupendeza ikiwa karibu, mita moja na nusu hivi kutoka kwa mwigizaji, juu kidogo ya macho, upande mmoja. Hapo ndipo C ilipoiona. Mpiga picha mkuu akaipeleka nyuma ya B, A ikaiona. Mwisho akazipandisha taa zote juu ya kabati na kuzielekeza darini, mwanga ukarudi chini sawasawa kwa kila mtu. Chumba kikawa cheupe kote kama duka la simu, kuta zikang'aa kuliko nyuso, na macho ya mama yakaingia kivulini kwa sababu mwanga ulishuka kutoka juu.

Sauti ilifuata njia hiyo hiyo. Bumu hushuka mpaka inapokaribia kuingia kwenye picha. Kamera moja inapopiga klozapu, yaani uso tu, bumu inaweza kufika sentimita 50 au 60 juu ya kichwa, sauti ikawa nene na ya karibu. Lakini A ilikuwa ikipiga waidi, picha pana ya chumba, wakati huo huo, kwa hiyo bumu ilikaa zaidi ya mita moja juu, ikinasa mwangwi wa kuta na sauti ya friji kuliko maneno. Wakahamia kwenye maiki za kubana. Mama alivaa kitenge kipya chenye gundi yake ya dukani. Kila akiinua mkono, maiki ilisikika kama mtu anayekunja gazeti.

Makosa mengine mawili yalikuwa ya maandalizi tu, na yote yalitoka kwenye kamera C. La kwanza, A na B zilipangwa fremu (picha tuli) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde, inavyofaa kwenye nchi yenye umeme wa 50 Hz. C ilibaki ilivyokuja: fremu 30, shata 1/60. Tyubu ya jikoni inapepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/50 inameza mapepeso mawili kamili kila fremu, ya 1/60 inameza moja na sehemu, kwa hiyo michirizi ya giza ikawa inapita ukutani. Kwenye skrini ndogo ya kamera, michirizi hiyo haionekani. Zaidi ya hapo, picha ya fremu 30 ikiingizwa kwenye kazi ya fremu 25, programu hutupa fremu tano kila sekunde na mtu anayetembea anakuwa kama anakwamakwama. La pili, C iliachwa ijipangie rangi yenyewe. Jua liliposhuka na kuingia dirishani mchana, C ilibadili rangi katikati ya sini, mama akawa wa chungwa kwa A na wa buluu kwa C.

Kuna jambo dogo lililoharibu saa nyingi baadaye. Klapa, kibao kinachogongwa ili picha na sauti zilinganishwe baadaye, ilipigwa moja kwa kamera zote, kama inavyotakiwa, ila kameramani wa C alikuwa akizima kamera yake kila asipohusika, ili kuokoa kadi, kisha anaiwasha sini ikiendelea. Kila alipowasha, alipata faili jipya lisilo na klapa. Kipindi cha 1 kilikuwa na mafaili 64 ya namna hiyo, na mhariri aliyalinganisha moja moja kwa kutazama midomo.

Kadi zenyewe: picha ya megabiti 100 kwa sekunde ni GB 45 kwa saa. Kamera tatu zikirekodi saa 4 kila moja kwa siku ni GB 540. Diski ya kawaida ya nje inapokea kama MB 100 kwa sekunde, kwa hiyo nakala moja ni saa moja na nusu, nakala mbili ni saa tatu, ikiwa umeme upo. Kijana wa kunakili alikuwa akilala saa tisa usiku na kuamka saa kumi na moja.

Katika siku hizo tatu, hata hivyo, sini moja ilitoka vizuri kuliko nyingine zote za tamthilia nzima. Binti anamwambia mama kwamba amejua habari ya deni. Mama aliigizwa na mwanamke mtu mzima aliyetoka kwenye maigizo ya jukwaani; hasemi mstari mara mbili kwa namna moja, na akishalia amelia. Walianza, binti akamkata kauli, mama akamkata yeye, wakapandiana sauti kwa dakika mbili na nusu. A ilikuwa kwa mama, B kwa binti. Ilipokatwa, msaidizi akasema, "Mama, tunaomba turudie mara moja kwa ajili ya C." Akajibiwa, "Mwanangu, machozi si maji ya bomba." Hawakurudia, na haikuhitajika: maneno yaliyopandana yalinaswa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa kamera moja, ugomvi wa kukatana kauli namna ile ni wa kutengeneza kipande kwa kipande, na mara nyingi hautengenezeki.

## Siku ya 4: mwaloni

Mpango ulikuwa kurasa 11 kuanzia alfajiri. Kamera A iliwekwa nchi kavu kutazama ziwa, B ikaingizwa kwenye maji ya magoti kutazama nchi kavu, C ikawa juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

Mwalo unaotazama magharibi hupata jua la asubuhi kutoka nyuma ya mji. A ilikuwa na jua mgongoni, mitumbwi ikang'aa kwa rangi zake. B ilikuwa inatazama jua hilo hilo ana kwa ana, watu wakawa vivuli. Ukiifungulia B lenzi ili nyuso zionekane, anga inakuwa jeupe tupu. Hakuna fundi wa rangi anayeweza kuzifanya picha hizo mbili zionekane za dakika moja, ingawa kweli zilikuwa za dakika moja.

Kosa la pili ni la mstari. Chora mstari kati ya macho ya watu wawili wanaozungumza. Kamera zote zikae upande mmoja wa mstari huo. Mama alikuwa akitembea kuelekea kwa mwenye mtumbwi. Kwa A, aliyekuwa nchi kavu, alitoka kushoto kwenda kulia. Kwa B, aliyekuwa majini, alitoka kulia kwenda kushoto. Ukiunganisha picha hizo, anaonekana amebadili mawazo njiani na kurudi alikotoka. Ukumbini hili halimsumbui mtu, kwani kila mmoja anajua meza kuu iko wapi. Mtazamaji wa tamthilia hana meza kuu.

Kisha watu. Kamera moja mwaloni ni kitu cha kutazamwa kwa dakika tano, halafu wachuuzi wanarudi kwenye biashara zao. Kamera tatu, stendi tatu, nyaya na kijana wa kuelekeza watu ni sherehe. Watoto walisimama nyuma ya C, kwa hiyo wakawa mbele ya A. Saa nne upepo wa ziwani ukaanza kuvuma kuelekea nchi kavu, na sifongo ya bumu isiyo na manyoya ya kuzuia upepo haikufua dafu.

Saa nane mchana prodyuza alisimamisha kazi. Kati ya kurasa 11, 3 tu zilifaa.

## Kikao cha usiku ule

Daftari lilifunguliwa. Sebuleni walipiga kurasa 37, lakini 14 zilihitaji kurudiwa kwa sababu ya taa, sauti au michirizi. Zilizobaki 23, ukiongeza 3 za mwaloni ni 26 kwa siku nne. Mwendo wa kweli ulikuwa kurasa 6.5 kwa siku, si 12. Mhariri naye alitoa taarifa yake: alikuwa ameahidi siku 4 kwa kila kipindi, na siku nne zilikuwa zimepita akiwa bado anapanga mafaili ya kipindi cha 1.

Njia tatu ziliwekwa mezani. Kuendelea hivyo hivyo kwa kurekebisha mipangilio ya C. Hii ingeondoa michirizi, isingeongeza ukubwa wa chumba. Kwenda kamera moja kila mahali. Dairekta aliitaka sana, ila ingemmaliza yule mama. Njia ya tatu, iliyoamuliwa, ilikuwa kuacha kuuliza "tamthilia hii ni ya kamera ngapi" na kuuliza swali hilo kwa kila sini: ndani ya sini hii, kitu gani hakirudiki?

Kamera C ilirudishwa kwa mwenyewe. Fedha yake ikalipia taa bapa mbili zaidi na manyoya ya bumu. Kameramani wake akapewa daftari la mwendelezo, la kuhakikisha nguo na vitu vinafanana kutoka picha moja hadi nyingine, kazi ambayo mpaka siku hiyo haikuwa na mtu. Kituo kiliombwa kikubali vipindi vya dakika 22, kikakubali. Kurasa zikashuka kutoka 192 hadi 176, zikabaki 150.

## Utaratibu mpya

Nyumbani na gengeni walitumia kamera mbili, zikiwa pacha: zote upande mmoja wa mstari, stendi zimekaribiana, moja ikipiga midi (kiunoni kwenda juu) na nyingine klozapu ya mtu yule yule. Kisha zinageuzwa pamoja kumtazama mwenzake. Faida yake ni kwamba upande wa pili wa chumba unabaki mtupu, na huo ndio unaokuwa ghala la taa, bumu, watu na makochi yaliyoondolewa. Midi na klozapu zinaendana kwa taa na kwa sauti. Waidi na klozapu haziendani, kwa hiyo waidi ilipigwa peke yake, mara moja, kwa uigizaji wa wastani tu.

Kwa sini za ugomvi, kamera zilipishana: A begani kwa binti ikimtazama mama, B begani kwa mama ikimtazama binti, zote zikiwa upande ule ule wa mstari. Taa mbili zilipandishwa kwenye pembe mbili za upande wa mbali, kila moja ikiwa inamwangaza mmoja usoni na kumpa mwenzake ukingo wa mwanga mabegani. Katika kuta nne, huo ndio mpangilio wa pekee uliowaruhusu kuwasha watu wawili kwa wakati mmoja bila kuwafanya bapa.

Waliteleza mara moja kwa kupitiliza. Siku ya 6 kulikuwa na sini ya mlo, ugali na sato wa kukaanga, watu watatu mezani. Kwa kuwa ilikuwa sini tulivu, wakaona kamera moja inatosha. Hapakuwa na machozi, lakini palikuwa na samaki. Baba akimega tumbo la samaki kwenye waidi, samaki huyo ana shimo. Ukigeuza kamera kumpiga mama, samaki lazima awe mzima tena, kisha atobolewe kwa mkono ule ule, kwa neno lile lile. Engo tano, teki mbili za kila moja isipokuwa ya mwisho, samaki 9. Ugali ulipoa na kupasuka, ukasongwa upya, safari hii mweupe zaidi. Mtu wa mwendelezo alikuwa akipiga picha sahani kwa simu kila baada ya "kata", na bado hakuona kwamba sato wa mwisho aliyeletwa alikuwa mdogo kuliko wenzake. Kuanzia hapo, mlo wowote ulipigwa kwa kamera mbili pacha tangu tonge la kwanza hadi la mwisho, samaki wawili.

Mwaloni walirudi na kamera moja, dairekta, mtu wa sauti, mtu wa mwendelezo na kijana mmoja wa kitambaa. Siku zilipangwa kwa kalenda ya mwezi, jambo ambalo ratiba ya kwanza haikuligusa: wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa mitumbwi mingi hupumzika, mwalo unakuwa mtupu. Picha zilipangwa kwa jua badala ya skripti. Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi walipiga waidi zote za kutazama ziwa. Mwanza iko karibu sana na ikweta, na jua lake hufika utosini karibu saa saba mchana, si saa sita, kwa sababu tunatumia majira yale yale na Dar es Salaam iliyo mashariki zaidi. Basi kati ya saa tano na saa tisa macho ya kila mtu yana shimo jeusi. Saa hizo walipiga klozapu tu, chini ya shuka jeupe la mita 2 kwa 2 lililoshikwa na vijiti. Kuanzia saa kumi jioni wakapiga waidi za kutazama mji, ambao sasa ndio unaomulikwa.

Gharama ya njia hii ilijitokeza kwenye dagaa wenyewe. Asubuhi wanaanikwa wakiwa wabichi, wanang'aa kama bati jipya. Mchana wamekunjamana na kufifia, jioni wamezolewa. Mazungumzo ya dakika mbili yaliyopigwa nusu asubuhi na nusu mchana yakawa na dagaa wabichi nyuma ya mama na wakavu nyuma ya mwenye mtumbwi. Suluhisho lilikuwa la kibiashara: walikubaliana na mwanika mmoja awaachie kipande cha mita 3 kwa 3 chenye dagaa wakavu tangu jana, na kila engo ikatafutiwa njia ya kuona kipande hicho tu. Korongo wa mwaloni hawakuweza kupangiwa. Walipotua kwenye picha ya kwanza, timu ilisubiri waondoke.

Mnada wa asubuhi ulikuwa wa kweli, na wachuuzi wa kweli hawapigi bei mara ya pili kwa ajili yako. Hapo kamera B ilirudishwa kwa asubuhi moja. Kamera zote mbili zilikuwa begani, zote upande wa nchi kavu, kila kameramani amepewa mtu wake wa kumfuata asimwachie. Dakika 20, hakuna kata.

## Matokeo

Kurasa 150 zilimalizika kwa siku 19: nyumba na genge kurasa 99 kwa siku 11, mwalo kurasa 51 kwa siku 8. Jumla ya shutingi ikawa siku 23 badala ya 16. Ni ucheleweshaji wa wiki moja, na ulilipiwa kwa sehemu na malipo ya prodyuza mwenyewe. Lakini kwa mwendo wa siku nne za kwanza, kurasa zile 176 zingefika siku 27.

Kipindi cha 1 kilimchukua mhariri siku 9. Kuanzia cha 4, vilivyopigwa kwa utaratibu mpya peke yake, ni siku 4 hadi 5 kila kimoja. Nakala za usiku zilishuka chini ya saa moja na nusu kwa siku za nyumba, na mwaloni zikawa za kuisha kabla ya chakula.

## Uchambuzi

Kamera nyingi ilikulia kwenye chumba kisicho na ukuta wa nne. Mwaka 1951 huko Hollywood, mpiga picha Karl Freund alipotakiwa kupiga kichekesho cha televisheni kwa kamera tatu za filamu mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini, aliwasha seti kutoka juu kwa mwanga ulioenea, sakafu ikabaki wazi kwa ajili ya kamera kutembea. Upande ambao ungekuwa ukuta ndio uliokaa kamera na watazamaji. Studio za habari na vipindi vya mahojiano hapa nchini zinafanya vile vile: taa darini, kamera zote upande mmoja. Ukiuhamishia mfumo huo kwenye sebule ya Ilemela yenye kuta nne na dari ya jipsam, umechukua kamera tatu na kuacha studio. Kamera pacha ilifanikiwa kwa sababu ilirudisha ukuta uliokosekana: nusu moja ya chumba ikawa seti, nusu nyingine ikawa studio.

Kwenye makosa, la fremu 30 na la rangi si hoja dhidi ya kamera nyingi; ni uzembe wa dakika kumi. Kabla ya sini ya kwanza, kamera zote zielekezwe kwenye karatasi moja nyeupe chini ya taa ya kazi, fremu, shata, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) na rangi zisomwe kwa sauti na kuandikwa, kisha zirekodi dakika moja na picha itazamwe kwenye kompyuta, si kwenye kioo cha kamera. Kamera ya aina tofauti itumike pale tu ambapo picha yake haitakatwa ubavuni mwa nyingine. Na hakuna anayezima kabla ya "kata". Kadi ni rahisi kuliko siku za mhariri.

Uamuzi mzuri kuliko yote ulikuwa wa kusimamisha kazi siku ya 4 saa nane. Siku ya 10 timu ingekuwa na kurasa nyingi mno za kutupa na hakuna ambaye angethubutu. Dhaifu kuliko yote ulikuwa wa kutomsikiliza mpiga picha mkuu, ambaye siku ya kwanza alisema hana pa kuweka taa. Akaambiwa afanye anavyoweza. Alifanya.

Kuhusu yule mama: sini zake za kamera moja mwaloni zilianza kwa waidi, kama vitabu vinavyofundisha, na kufikia klozapu alikuwa mkavu. Siku ya tatu ya mwaloni utaratibu uligeuzwa, klozapu ya kilio ikapigwa kwanza akiwa mpya, waidi mwisho, pale ambapo bega linaloinama linatosha. Hili lingeweza kufanywa tangu awali bila kamera ya ziada.

Yapo ambayo hayakurekebishika. Kurasa 14 zilirudiwa, ila sini ya jikoni ya kipindi cha 2 ilihusisha mwigizaji aliyekwisha kuondoka kwenda Bukoba. Imerushwa na michirizi yake. Sini ya mlo nayo imerushwa ilivyo: kwenye waidi sato anavuka ukingo wa sahani, kwenye klozapu anaingia ndani yake na nafasi inabaki.